Kulipia Chuo Ukiwa Mkazi wa Minnesota: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Kifungua mimba wetu alimaliza shule ya upili Juni 2025 hapa Brooklyn Park. Mpaka leo mama yake akikumbuka zile shifti za ziada alizochukua Krismasi ya 2023 katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, hutikisa kichwa. Zilimletea pesa zisizofika dola elfu mbili. Pesa hizo ndizo zilizoyavusha mapato yetu juu ya dola 80,000, na kwa kuvuka huko mtoto akakosa North Star Promise, mpango wa jimbo ambao ungemlipia karo yote iliyobaki. Fomu ya kuomba msaada tuliijaza vizuri. Kilichotuponza ni kalenda: hatukujua kwamba mwaka wa kodi unaotazamwa ni ule ambao mtoto anatoka gredi ya 10 kuingia ya 11, wakati ambapo mzazi bado anahangaika na viatu vya mpira wa vikapu.

Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata umri wa mtoto. Ni wa familia inayoishi Minnesota. Aliye Texas, Ohio au Kentucky atafaidi sehemu za serikali ya shirikisho, lakini sheria za jimbo lake azitafute huko huko.

Kwanza: je, wewe ni mkazi?

Vyuo vya umma hutoza bei mbili, ya mkazi na ya mgeni. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kampasi ya Twin Cities, mgeni hulipa zaidi ya mara mbili ya mkazi, na pengo linazidi kupanuka: kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 karo ya wakazi ilipandishwa asilimia 6.5, ya wageni asilimia 7.5.

Kanuni ya kawaida ni kuishi Minnesota mwaka mmoja mzima kabla ya masomo kuanza, na uwe umekuja kwa maisha yako mengine, si kwa ajili ya kusoma tu. Ushahidi ni karatasi ulizo nazo tayari: leseni ya udereva, fomu ya kodi ya jimbo (M1), mkataba wa nyumba, rekodi za shule ya mtoto. Ziweke kwenye faili moja. Mkimbizi aliyehamia Minnesota baada ya kuingia Marekani, na akaendelea kuishi humu, ana kipengele chake katika sheria ya msaada wa jimbo, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo wasikubali kuambiwa "subiri mwaka" kabla ya kukiulizia.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Minnesota ina mapatano na Wisconsin, North Dakota, South Dakota na hata jimbo la Manitoba kule Kanada, hivyo mtoto wako anaweza kusoma huko bila kutozwa bei kamili ya mgeni, mradi ajaze ombi la mapatano hayo. Pia vyuo vingi vya jamii vilivyo chini ya mfumo wa Minnesota State vimefuta bei ya mgeni kabisa, kila mtu analipa sawa. Mpwa wako aliyetoka Kansas City mwezi jana huenda hana haja ya kusubiri.

Kwa mtoto asiye na makaratasi, sheria ya Minnesota ya 2013 inampa karo ya mkazi na msaada wa jimbo akiwa amesoma shule ya upili humu angalau miaka mitatu na kuimaliza humu. Yeye hujaza ombi la Dream Act la jimbo, hagusi FAFSA, fomu ya serikali ya shirikisho ya kuomba msaada wa masomo. Serikali ya shirikisho iliishtaki Minnesota juu ya sheria hiyo Juni 2025, kwa hiyo kabla ya kupanga lolote piga simu Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota na uulize hali ilivyo leo.

Gredi ya 9 na 10: krediti (vipimo vya masomo ya chuo) za bure

Mwaka 1985 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza nchini kuwaruhusu wanafunzi wa shule ya upili wasome chuoni kwa gharama ya serikali. Mpango huo, PSEO, bado upo, na kwangu mimi ndio zawadi kubwa kuliko zote. Gredi ya 11 na 12 mtoto anaweza kusoma chuoni nusu siku au siku nzima. Karo na vitabu analipiwa. Gredi ya 10 anaweza kuanza na somo la ufundi. Hapa kwetu wengi huenda North Hennepin Community College au Hennepin Technical College, zote ziko Brooklyn Park. Wapo wanaomaliza shule ya upili wakiwa na digrii ya miaka miwili mkononi.

Kwa muhula wa Septemba, shule ya mtoto inatakiwa iarifiwe kufikia 30 Mei. Mwambie achague masomo yaliyo ndani ya Minnesota Transfer Curriculum, krediti 40 ambazo vyuo vyote vya umma vya jimbo vinazitambua. Akichukua masomo ovyo ovyo atafika chuo kikuu na krediti hamsini, zikikubaliwa ishirini.

Onyo moja. Alama ya PSEO ni alama ya chuo, na haifutiki. Akifeli masomo mawili akiwa na miaka 16, rekodi hiyo itamfuata hadi kwenye hesabu ya msaada wa fedha. Mtoto ambaye bado unamwamsha kwa kelele asubuhi, mwanzishe na somo moja.

Akiba nayo ianze mapema, hata kidogo. Akaunti ya jimbo ya aina ya 529 hufunguliwa kwa dola 25, faida yake haikatwi kodi ikitumika kwa masomo, na Minnesota hukupa nafuu ya kodi kwa unachoweka. Akaunti ya 529 iliyo kwa jina la shangazi au nyanya haihesabiwi tena kwenye FAFSA. Basi shangazi anayetaka kuchangia asimpe mtoto taslimu: pesa zilizo kwenye akaunti ya mtoto mwenyewe huhesabiwa kwa asilimia 20, za mzazi haziwezi kuzidi asilimia 5.64. Hili likumbukwe hasa baada ya sherehe ya kuhitimu. Watu wetu wakijaa ukumbini bahasha huwa nyingi, na sote tumezoea kumkabidhi mtoto zote.

Januari ya gredi ya 10: mwaka unaotazamwa

Hapa tuketi kidogo.

FAFSA hutazama kodi ya miaka miwili nyuma. Mtoto atakayemaliza Juni 2028 na kuingia chuo Septemba hiyo atajaza FAFSA ya 2028–29, nayo itatazama kodi ya 2026: kuanzia Januari akiwa gredi ya 10 hadi Desemba akiwa gredi ya 11. Kila senti inayoingia kwenye kodi yako mwaka huo itahesabiwa. Mwaka unaofuata itatazamwa 2027, na kuendelea.

Kwa familia ya Minnesota mstari wa kutazama ni AGI, mapato yaliyorekebishwa, mstari wa 11 wa fomu 1040. North Star Promise, mpango ulioanza muhula wa Septemba 2024, hulipa karo na ada zote zinazobaki baada ya ruzuku nyingine, katika vyuo vya umma vya jimbo na vya makabila asilia, kama AGI ya familia iko chini ya dola 80,000. Hakuna ngazi ya kushukia. Ukiwa na 79,900 umo. Ukiwa na 80,400 umetoka. Baba na mama wakiwa wote wasaidizi wa wauguzi, na ovataimu ya majira ya baridi, mstari huo mnaukaribia bila hata kujua.

Namna halali za kuishusha AGI zipo. Kilichowekwa kwenye akaunti ya uzeeni ya kazini ya aina ya kawaida, 401(k) au 403(b), hakiingii kwenye AGI. Vivyo hivyo akaunti ya afya ya HSA na bima inayokatwa kabla ya kodi. Usichanganye na Roth, akaunti ya uzeeni ambayo pesa zake hukatwa kodi kwanza: hiyo haishushi chochote. Na ile nafuu mpya ya kodi ya ovataimu iliyopitishwa Julai 2025 isikudanganye. Inapunguza kodi unayolipa, lakini hukatwa chini ya mstari wa AGI, kwa hiyo kwa North Star Promise ni kana kwamba haipo.

Lililoniuma zaidi ni hili: hata mwaka ukishaisha, mlango mmoja hubaki wazi hadi siku ya mwisho ya kodi, katikati ya Aprili. Unaweza kuweka pesa kwenye IRA ya kawaida, akaunti ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe, na kuzihesabu za mwaka uliopita. Machi 2024 tungeweka dola elfu moja tu, tungerudi chini ya 80,000. Fahamu lakini kwamba FAFSA huirudisha pesa ya IRA inapopiga hesabu ya Pell, ruzuku ya serikali ya shirikisho. Faida yake iko kwenye huo mstari wa jimbo.

Katika mwaka huo pia, usitoe pesa za 401(k) ukamalizie nyumba Kitengela, na usiuze shamba kama laweza kungoja. Faida ya shamba la Nakuru ni mapato ya kutangazwa Marekani kama uko chini ya kodi ya hapa.

Oktoba ya gredi ya 12: FAFSA

Fomu hufunguliwa kabla au ifikapo 1 Oktoba. Ijaze mwezi huo huo, hata kama unaamini hutapata kitu, kwa sababu North Star Promise, ruzuku ya jimbo, Pell na mikopo ya mtoto vyote hupitia mlango huo. Ni bure. Anayekutoza kuijaza anakula jasho lako.

Mtoto hufungua akaunti yake StudentAid.gov, na mzazi yake. Mzazi asiye na namba ya Social Security pia anaweza kufungua, ila huchukua muda, basi anza Septemba. Kila anayehusika lazima akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe. Mmoja akikataa, mtoto hapati msaada wa shirikisho hata senti. Wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili. Mwenye viza ya kazi au ya masomo, DACA (kinga ya walioletwa wakiwa watoto) au TPS (kinga ya muda), hapana. Kinachotazamwa ni hali ya mtoto: mtoto raia anastahili hata kama mzazi hana karatasi. Lakini mzazi huyo atakuwa anaipa serikali taarifa zake, kwa hiyo aongee na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, asitegemee ushauri wa kanisani.

Familia zetu hukwama kwenye swali la nani mzazi. Kwa Mswahili shangazi ni mzazi, baba mdogo ni baba. FAFSA haitambui hivyo. Mzazi ni aliyemzaa au aliyemwasili kisheria, au mzazi wa kambo aliyefunga ndoa na mzazi anayejaza. Mtoto aliyelelewa na shangazi yake tangu darasa la pili, wazazi wakiwa hai Eldoret na wakiongea naye kwa WhatsApp, atahitaji taarifa za wazazi hao, mapato yao yakigeuzwa kuwa dola. Kama mahakama ya jimbo ilimpa shangazi ulezi wa kisheria, mtoto huhesabiwa kuwa anajitegemea, na mambo hubadilika kabisa. Karatasi ya ulezi iliyopatikana akiwa na miaka 15 inaweza kuwa na thamani kuliko skolashipu.

Wazazi walioachana: hujaza yule aliyemgharamia mtoto zaidi katika miezi 12 iliyopita, hata kama mtoto analala kwa mwenzake. Mume na mke walio kwenye ndoa wakijaza kodi pamoja, mmoja anatosha. Wakijaza mbalimbali, wote wawili wanahitajika, hata kama mwenzio yuko Kisumu.

Ploti za nyumbani nazo huulizwa. Nyumba unayoishi haihesabiwi, lakini ploti, nyumba ya kupangisha na pesa zako zilizoko kwenye chama ni mali, zikiwa Minnesota au Ruiru. Andika ukweli. Habari njema ni kwamba familia yenye AGI chini ya dola 60,000 na kodi nyepesi haiulizwi mali kabisa, na anayepokea msaada kama SNAP (wa chakula) au Medicaid (wa matibabu) vilevile. Ukiwa na nyumba unayopangisha inayokulazimu kujaza Schedule E, fomu ya mapato ya kupangisha, nafuu ya kiwango cha 60,000 inakupita.

Na zile dola mia tatu za kila mwezi kwa mama? Fomu haina mahali pa kuziandika. Idadi ya familia huhesabu wanaoishi nawe na unaowalisha. Baada ya fomu kupita, unaweza kuiandikia ofisi ya msaada ya chuo kuomba waangalie mazingira yako maalum: umepoteza kazi, saa zimekatwa, umelipia matibabu makubwa. Ambatisha risiti. Ofisi ina mamlaka ya kurekebisha hesabu, haina wajibu. Barua fupi yenye ushahidi huzaa kuliko kilio cha simu.

Kuchagua chuo

Minnesota State ina vyuo 26 na vyuo vikuu 7, vikiwemo St. Cloud, Mankato, Winona na Metropolitan. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kampasi 5. Wanafunzi wa shule nyingi hupokea barua ya Direct Admissions inayowaambia ni vyuo gani vitawakubali kutokana na alama zao. Usiitupe ukidhani ni matangazo. Ruzuku ya jimbo huweza kutumika hata katika vyuo vya binafsi vya humu, lakini North Star Promise haiendi huko.

Njia tuliyoishika kwa mtoto wa pili ni miaka miwili chuo cha jamii akilala nyumbani, kisha chuo kikuu. Najua, kuna aibu fulani. Watu watauliza kwa nini hakwenda "U", yaani Chuo Kikuu cha Minnesota. Karo inapokuwa bure, kinachobaki kuwa mzigo ni bweni na chakula, na North Star Promise haivilipii. Kulala nyumbani ndiyo skolashipu unayoweza kujipa mwenyewe. Kwa anayetaka uuguzi, vyuo vya jamii kadhaa vimeungana na Metropolitan State kwa mtaala mmoja unaofikisha mwanafunzi kwenye digrii, na nyumba nyingi za wazee hulipia masomo ya wafanyakazi wao, muulize wako.

Skolashipu: omba za hapa kabla ya zile za nchi nzima. Page Education Foundation, iliyoanzishwa 1988 na Alan Page, mchezaji wa Vikings aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, huwasaidia wanafunzi wa rangi na huwataka nao wajitolee kuwasaidia wadogo zao shuleni.

Kuisoma barua ya msaada

Barua huandikwa ili ufurahi. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 30,000 na barua inasema "msaada wako ni 27,000". Ukifungua ndani: Pell 4,000, ruzuku ya jimbo 4,500, skolashipu ya chuo 3,000, kazi ya chuoni 2,500, mkopo wa mtoto 5,500, mkopo wa mzazi 7,500. Pesa ya bure hapo ni 11,500 tu. Kazi ya chuoni hulipwa kwa saa anazofanya, haiwezi kulipa bili ya Agosti. Mkopo ni deni. Pengo lako ni 18,500, si 3,000. Fanya hesabu hiyo kwa kila barua, ziweke kando kwa kando mezani, mtoto akiwepo.

Pell haizidi dola 7,395 kwa mwaka. Ruzuku ya jimbo hutegemea fungu la Bunge, na fungu hilo limewahi kupungua hadi migao ikakatwa, kwa hiyo usiichukulie kuwa ahadi ya miaka minne.

Kuhusu mikopo: wa mtoto ndio wa kwanza, 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kuanzia wa tatu. Sehemu yenye ruzuku haizai riba akiwa masomoni. Mkopo wa mzazi, Parent PLUS, tangu Julai 2026 una kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Kikomo hicho bado ni kikubwa mno kwa mzazi wa miaka 55 anayepanga kurudi nyumbani. Kama chuo hakiwezekani bila PLUS ya kila mwaka, mimi ningetafuta chuo kingine.

Akishaingia

Pell kamili huhitaji krediti 12 kwa muhula, lakini ruzuku ya Minnesota huhesabu 15 ndiyo masomo kamili. Anayechukua 12 akidhani yuko sawa anapunguziwa. Twin Cities hutoza bei moja kuanzia krediti 13 kwenda juu, kwa hiyo krediti zinazozidi 13 ni za bure. Akianguka chini ya kiwango cha maendeleo ya masomo, msaada husimamishwa. Mwombe akuonyeshe alama katikati ya muhula, kabla ya siku ya mwisho ya kuacha somo.

Na kuna kodi. Mkilipa dola 4,000 za karo na vitabu kutoka mfukoni au kwa mkopo, serikali inaweza kuwarudishia hadi dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka minne, kama mapato yenu hayajavuka kikomo. Pesa za 529 zilizolipia gharama zile zile hazihesabiwi, basi lipeni hizo 4,000 za kwanza kwa mshahara, 529 ibebe kinachofuata. Fomu inayohitajika ni 1098-T, ambayo chuo huiweka Januari kwenye akaunti ya mtoto, na mara nyingi haitumwi kwa posta. Mpigie aipakue kabla hujaenda kwa mtu wako wa kodi, na mkiwa bado kwenye simu muulize kama FAFSA ya mwaka ujao ameshaijaza, maana hujazwa upya kila mwaka.